Gari ya turbo Goma: juu ya nini gari ya nguvu haipashwi kuwa gari ya moshi

Kila anayepanda barabara ya Sake kuelekea Masisi amekwisha kuona hii: Fuso imejaa mizigo, ao Land Cruiser ya zamani, shofere anakanyaga, na nyuma ya gari linatoka wingu jeusi. Mwenye moto anayefuata anafunika pua kwa kola ya koti. Mama anayeuza ndizi kando ya barabara anageuza uso. Na ndani ya gari, mara mingi, kuna mtu anayesifu: hii motere iko nguvu.

Kosa linaanzia pale. Moshi mweusi si nguvu. Ni mazutu ambayo haikupata hewa ya kutosha ili iungue yote. Imelipwa franga, imepita katika pompi na anjekteri, kisha imetupwa inje kama masizi. Gari inayotoa moshi mwingi inakula mazutu mingi, inachemsha turbo yake, na inawapa masizi hayo watu ambao hawakuomba kitu.

Swali hili la moshi lilikuwa jambo la mafundi peke yao. Sasa limekuwa pia jambo la karatasi na mipaka, kwani Rwanda, iliyo hatua chache tu kutoka Birere, ilianza Agosti 2025 kupima moshi wa magari kwa lazima. Wenye magari wengi wa Goma waliokata vyombo vya eshapoma ili gari "ipumue" wameanza kuuliza kama wanaweza kuvirudisha. Wengine wanauliza jambo gumu zaidi: inawezekana kupata nguvu ya turbo bila kuchafua hewa? Inawezekana. Lakini inaomba kuelewa kwanza juu ya nini magari yanalegea huku Goma.

Hewa ya Goma ni nyepesi

Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mji wote umejengwa juu ya ziwa. Kwa kimo hicho hewa imepunguka. Kila mara motere inapovuta pumzi, inapata karibu asilimia 15 pungufu ya hewa ambayo ingepata Mombasa ao Dar es Salaam, kwenye bandari ambako magari mengi ya Goma yanashuka kutoka meli. Ukipanda Kibumba ao milima ya Masisi, hewa inapunguka tena.

Motere isiyo na turbo inasikia upungufu huo moja kwa moja. Mfano mzuri ni Toyota 1HZ, ile motere ya litri 4.2 na silinda sita ambayo imejaa katika Land Cruiser za mashirika ya misaada na za wachuuzi walionunua magari hayo yalipochoka. Ni motere yenye kuvumilia sana, lakini haina turbo. Nguvu iliyoandikwa katika kitabu chake ilipimwa kwa hewa nzito ya kando ya bahari. Huku Goma inabaki na sehemu tu ya nguvu hiyo, na shofere anaona gari ni zito kwenye mlima.

Jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba pompi ya mazutu ya zamani haijui kama iko Mombasa ao iko Goma. Inapiga kipimo kilekile cha mazutu, lakini hewa imepunguka. Diseli inaomba hewa nyingi: ukishuka chini ya kilo 18 hadi 20 hivi za hewa kwa kilo moja ya mazutu, masizi yanaanza kuonekana. Njo maana gari iliyotoka pwani bila moshi inaweza kufika Goma na kuanza kutoa moshi, bila kitu chochote kuharibika. Toyota yenyewe ilijua hilo. Baadhi ya pompi zake ziliwekewa chombo kidogo cha kupunguza mazutu gari inapopanda juu. Katika pompi nyingi zilizokwisha kufunguliwa mara tatu ao ine, chombo hicho kimekufa ao kimetolewa.

Kwa hiyo dawa ya kweli kwa pompi kama hiyo, Goma, ni kupunguza mazutu kidogo. Lakini garaji nyingi zinafanya kinyume. Mwenye gari anakuja akilia kwamba gari haipandi, fundi anakaza visi ya pompi ili mazutu iongezeke, na gari inatoka ikinguruma. Siku mbili tatu inaonekana kuwa imepona, kwa sababu mazutu ya ziada inatumia hewa yote iliyobaki. Zaidi ya hapo ni moshi tu.

Turbo inarudisha hewa, lakini inachoka

Turbo ni feni mbili juu ya shafti moja. Moshi wa motere unazungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa safi ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, na wazo lake halijabadilika: tumia nguvu ya moshi, ambayo ingepotea bure, ili kuingiza hewa nyingi. Kwa mji wenye kimo kama Goma, hakuna chombo chenye faida kuliko hicho. Prado yenye motere ya 1KZ-TE, ile TX ya litri 3.0 inayopendwa sana huku, inapanda vizuri kwa sababu turbo inarudishia motere hewa ambayo mlima umeinyang'anya.

Lakini inarudisha kwa jasho. Tuseme motere inahitaji hewa yenye mkazo wa baa 2 kwa jumla. Pwani, ambako hewa ya kawaida ina baa 1, turbo inaikaza mara mbili tu. Goma, ambako hewa ya kawaida ni kama baa 0.85, turbo inapashwa kuikaza zaidi ya mara 2.3 ili kufika palepale. Inazunguka mbio zaidi. Na turbo ndogo ya gari inazunguka tayari zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ikielea juu ya mafuta ya motere yaliyo membamba kuliko karatasi.

Hapa njo panaonekana hatari ya zile kazi za "kuongeza turbo". Fundi anafunga ao anakaza klape inayoachilia moshi wa ziada, ili turbo isukume zaidi. Pwani turbo ingekuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Goma nafasi hiyo imekwisha kuliwa na kimo. Mtu anayefuata vipimo vya video ya Australia ao ya Nairobi, na Nairobi nayo iko juu lakini si gari zote za video zinatoka huko, anaweza kuvunja turbo yake bila kuelewa juu ya nini. Turbo ikivunjika, vipande vya feni vinaweza kuingia ndani ya motere, na mafuta yake yote yanaweza kuungua. Gari inatoa moshi wa buluu mzito, na mara nyingine motere inaendelea kukimbia hata funguo ikizimwa, kwani imepata mafuta yake yenyewe ya kuunguza.

Wengine wanatia turbo kwenye ile 1HZ isiyokuwa nayo. Kazi hiyo inafanyika mahali pengi pa dunia, na ikifanyika vizuri inasaidia. Ila 1HZ ilijengwa kwa kukaza hewa karibu mara 22 ndani ya silinda, wakati ndugu yake 1HD-T, aliyezaliwa na turbo, anakaza mara 18.6. Tofauti hiyo haikuwekwa ovyo: motere ya turbo inaachiwa nafasi. Kwa hiyo wanaotia turbo kwenye 1HZ kwa makini wanabaki karibu na nusu ya baa, na wanatia saa ya kupima joto ya moshi kabla haujaingia katika turbo. Joto ikipita nyuzi 700 kwa muda mrefu, vichwa vya pistoni vinaanza kuteseka. Fundi anayetia turbo bila saa ya joto na bila manometa ya hewa anabahatisha, hata kama mikono yake ni mizuri.

Kipande kinachokatwa

Kwa gari za esanse hadithi ni nyingine. Ndani ya eshapoma kuna sanduku la chuma lenye tundu ndogo sana kama sega la nyuki. Ni katalizeri. Imepakwa madini ya platini, paladi na rodi, kwa vipimo vya gramu chache, na kazi yake ni kugeuza gazi ya sumu, kama monoksidi ya kaboni, kuwa gazi yenye hatari ndogo. Inaanza kufanya kazi ikipata joto ya nyuzi 300 hivi, na inaomba motere ichanganye vizuri: kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya esanse. Chombo kinachoitwa sonde ya lambda kinapima jambo hilo na kuambia ordinatere ya gari.

Goma kipande hicho kinakatwa sana. Sababu ya kwanza ni kwamba kimeziba. Motere inayokula mafuta, ao anjekteri inayovuja, inajaza zile tundu, gari inakosa nguvu, na fundi anaona ni mbio zaidi kutoboa sanduku kwa chuma kuliko kutafuta ugonjwa ulioliziba. Ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: yale madini yana soko. Mwenye gari analipa kazi ya kukata, na kipande chake kinaondoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuuzwa. Kuna watu Goma waliokwisha kulipa mara mbili bila kujua.

Sababu ya tatu ni imani ya zamani kwamba katalizeri haiwezi kuishi Afrika. Ilikuwa kweli wakati esanse ilikuwa na risasi, kwani risasi inaua katalizeri kabisa. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha esanse ya risasi tangu mwanzo wa 2006. Mazutu nayo imebadilika: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zinaomba mazutu yenye sulfuri isiyopita sehemu 50 kwa milioni, na ni kwa njia hizo, kupitia Uganda na Rwanda, Goma inapata sehemu kubwa ya mafuta yake. Tatizo linalobaki ni bidoni. Mafuta yaliyotoka safi kwenye tanki yanaweza kuingia maji, vumbi ao petroli ya taa kabla ya kufika kwa Kadhafi wa kando ya barabara. Mwenye gari ya turbo anayejaza kwa chupa ili apate bei ndogo anacheza na anjekteri zenye bei kubwa.

Je, kukata katalizeri kunaongeza nguvu? Kama ilikuwa imeziba, ndiyo, gari inarudia nguvu yake ya kwanza. Kama ilikuwa nzima, faida katika gari ya kawaida ni ndogo kiasi kwamba shofere anasikia kelele kuliko nguvu. Na kelele hiyo mara nyingi inatoka chini ya viti. Eshapoma iliyokatwa na kushonwa vibaya inaweza kuingiza monoksidi ya kaboni ndani ya gari. Gazi hiyo haina harufu wala rangi. Inaleta kichwa kuuma, usingizi, na mwishoni kifo. Watoto wanaolala kwenye kiti cha nyuma njo wanaikuta kwanza.

Chujio la masizi, na haki ya wanaolalamika

Kuna jambo moja ambalo wenye magari wanalalamikia kwa haki. Magari ya diseli mapya zaidi, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu 2009 hivi, yana chujio la masizi, lile ambalo mafundi wanaliita FAP kwa jina la Kifaransa. Linashika masizi, kisha linajisafisha kwa kuyaunguza kwa joto ya nyuzi 600. Ili kufanya hivyo linaomba gari iende mbio bila kusimama, dakika kama 20. Nani anaweza kwenda mbio dakika 20 bila kusimama Goma? Kutoka Ndosho kufika Signers, kwa mashimo, chukudu, moto na mawe ya volkano, gari haipati nafasi hiyo. Chujio linaziba, taa inawaka, na nguvu inakatwa na ordinatere.

Mtu aliyenunua gari hiyo kwa akiba ya miaka yote hawezi kulaumiwa anapokwenda kulitoa. Lakini kulitoa si njia pekee. Garaji yenye valize ya kusoma gari inaweza kulazimisha chujio lijisafishe gari ikiwa imesimama. Linaweza kutolewa na kuoshwa, kisha kurudishwa. Na njia iliyo rahisi kuliko zote inakuja kabla ya kununua: kama gari itaishi ndani ya mji tu, ni heri kuchagua esanse, ao diseli ya zamani kidogo isiyo na chujio lakini yenye anjekteri nzima. Wachuuzi wanaoagiza magari wanajua tofauti hii. Wanunuzi wengi hawaulizi.

Klape ya EGR nayo inafungwa sana, kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa kipimo. Klape hiyo inarudisha moshi kidogo ndani ya motere ili joto ipunguke na gazi za azoti zipunguke. Ikifungwa, masizi yanapunguka kweli, na mafundi wana haki ya kusema hivyo. Ila zile gazi za azoti, ambazo macho hayazioni, zinaongezeka, na ni zenyewe zinazochoma mapafu ya wenye pumu. Moshi unaoonekana si moshi wote.

Sheria zinasema nini

Kongo haikosi sheria. Kodi ya barabara ni ya 1978, na sheria ya mazingira namba 11/009 ni ya tarehe 9 Julai 2011; hii ya pili imeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Tofauti na jirani iko katika chombo cha kupima. Gari ikisimamishwa, karatasi zinaangaliwa, taa, breki, pneu. Moshi hauwezi kuangaliwa kwa macho ya polisi na kuandikwa namba. Unaomba mashini.

Rwanda ilikuwa na sheria ya usafi wa hewa tangu 2016, na upimaji wa lazima ulioanza Agosti 2025 unasimamiwa na REMA, ofisi yake ya mazingira. Kwa mkaaji wa Goma mwenye gari ya plaki ya Rwanda, na familia nyingi zina nyumba pande zote mbili, Gisenyi na Goma, jambo hilo si la mbali. Linamgusa pia anayetaka kuuza gari yake ngambo. Na Kongo yenyewe iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ambamo vipimo vya mafuta na vya magari vinazungumziwa pamoja.

Namna ya kupima haina siri. Gari ya esanse inatiwa bomba dogo ndani ya eshapoma, na mashini inasoma monoksidi ya kaboni na gazi nyingine. Gari ya diseli inakanyagwa mpaka mwisho ikiwa imesimama, mara kadhaa, na mashini inapima giza la moshi kwa taa. Ulaya, ambako upimaji huu ni wa zamani, diseli isiyo na turbo ilipewa kikomo cha 2.5 kwa mita, na yenye turbo 3.0. Turbo ilipewa zaidi, na sababu ni ya kifundi kabisa: ukikanyaga ghafla, mazutu inafika mbele ya hewa, kwani feni inachukua nukta kidogo ili ipate mbio. Kwa magari ya Euro 4 na kuendelea kikomo kilishuka mpaka 1.5. Kwa hiyo turbo haipewi ruhusa ya kutoa moshi. Inapewa nukta hiyo tu.

Hila haikosi. Mahali pengi watu wanaazima katalizeri kwa siku ya kupima, kisha wanairudisha. Wakubwa pia walifanya: mwaka 2015 ilijulikana kwamba Volkswagen ilitia ndani ya magari milioni 11 hivi programu inayosafisha moshi wakati wa kupimwa tu. Marekani, ofisi ya mazingira iliandika mwaka 2020 kwamba katika miaka kumi pikapu za diseli zaidi ya 550,000 zilitolewa vyombo vya kusafisha moshi. Kukata si ugonjwa wa Waafrika maskini. Ila hapa kuna jambo la kuchukiza zaidi: Umoja wa Mataifa ulihesabu magari milioni 14 ya okazyo yaliyotoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Mengi yanafika tayari yamechoka.

Wanaovuta

Juni 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliweka moshi wa diseli katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa mtu, bila shaka tena. Goma watu hawakai mbali na barabara. Wanauza pale, wanapika pale, watoto wanakwenda masomo kwa miguu kando ya eshapoma. Msukuma chukudu anapumua kwa nguvu kwenye mlima, na uso wake uko karibu na kimo cha bomba la Fuso. Hewa ya mji ina mzigo wake tayari: vumbi ya mawe ya Nyiragongo, moshi wa makala, gazi ya volkano upepo ukigeuka. Volkano haiwezi kufungwa visi.

Kazi safi inafanana namna gani

Fundi mzuri haanzi na turbo. Anaanza na filtre ya hewa. Vumbi ya volkano ni kali kama kioo kilichosagwa. Ikipita filtre iliyopasuka inakula feni za turbo na kuta za silinda. Filtre iliyoziba nayo inanyima hewa, na gari inatoa moshi mweusi ambao watu wanalaumu pompi. Katika mji huu filtre inapashwa kuangaliwa mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyosema, na kuipiga chini ili vumbi itoke hakutoshi. Kukiwa na tundu hata ndogo, inabadilishwa.

Kisha anaangalia mipira ya hewa kati ya turbo na motere. Mpira uliopasuka unapoteza hewa, ordinatere ao pompi inaendelea kutoa mazutu, na moshi unatoka. Ni dawa ya bei ndogo kabisa na mara mingi ni ugonjwa wenyewe. Baadaye anjekteri zinapelekwa kwenye benchi ya kupima. Pompi inatengenezwa kwa kimo cha hapa, kwa kupunguza kama inaomba kupunguzwa. Mafuta ya motere yanabadilishwa kwa yale ya kweli, kwani turbo inaelea juu yake, na shofere anafundishwa kuacha motere izunguke polepole dakika moja kabla ya kuzima akitoka mlimani, ili mafuta yasiungue ndani ya shafti iliyo moto.

Ni baada ya hayo tu mtu anaweza kuongeza hewa kidogo, manometa ikiwa imefungwa mbele ya shofere, na mazutu kufuata hewa. Magari mengi hayafiki hapo. Nguvu iliyopotea imekwisha kurudi.

Kabla ya kulipa, mwenye gari anaweza kuomba vitu vichache. Amwombe fundi aonyeshe mkazo wa turbo kwa saa, si kwa sikio. Gari ikanyagwe ikiwa moto, na moshi uangaliwe: kivuli kidogo kinachopotea mara moja kwenye turbo ya zamani kinaeleweka, wingu linalobaki halieleweki. Na kama kipande chochote cha eshapoma kinapashwa kutoka, kitoke mbele ya macho yake, namba yake iandikwe, na kirudi naye nyumbani ndani ya gari.